Karte Niliyopewa kwa Kinywa cha Mama

Uvira, kartye Kimanga,
tarehe 16 mwezi wa pili, 2003

Mpendwa yaya wangu, kaka Protais,

Amahoro, yaya. Bonane ya mwaka mpya imepita bila mimi kukutakia lolote, basi naitia humu ndani ya barua ikiwa imechacha, uipokee hivyo hivyo. Habari za Lusaka? Mke wako Furaha ameshazoea kukaa bila majani ya sombe wala ndagala wa ziwa letu? Na kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi, kimekuachia? Huku watu wanasema aliyefika Zambia amepona, lakini minye nakujua weye, hata peponi utalalamikia baridi.

Sisi tuko, Mungu asifiwe. Bwana yangu Libérat anaendelea kufundisha bila mshahara, na chaki ananunua mwenyewe. Wavulana wawili wanakula kama askari. Délice ameng'oka meno ya mbele na anajiona mwanamke mkubwa. Malaria ilinilaza kabla ya Noeli, ikaondoka.

Mama yako ni mzima. Naanza na hilo ili moyo wako utulie. Yuko kwangu, anakula, anatembea, anakohoa kidogo tu asubuhi. Lakini kuna neno nimemtendea, yaya, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa Uvira wanaopita huko na midomo yao. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena nikaichana. Leo Selemani, yule wa duka la vitenge pale Mulongwe, anapanda boti ya Mpulungu kuja huko Zambia na amesema hatanisubiri. Basi naandika, na uso unaniwaka.

Ya vita uliyasikia kwenye redio: mwezi wa kumi Mai-Mai waliingia mjini, watu wengi wakavuka kwenda Burundi, kisha wale waasi wa RCD waliokuwa wameshika mji wakarudi. Redio haikusema kitu juu ya meza yangu sokoni. Niliporudi nilikuta yale mawe tu niliyokuwa nasimamishia miguu ya meza. Chumvi, sabuni, mafuta, meza yenyewe na bati la juu, vyote vilikwenda. Nani alivichukua sijui, kila mtu anamtaja mwingine. Nilikaa juu ya jiwe moja nikacheka, kisha nikalia, wenzangu wakaniambia Spès, inuka, unatutia aibu.

Baada ya hapo ndipo mama yako, mama mukubwa wangu, alipofika kutoka Bwegera. Alitembea kwa mguu kupitia Sange na Kiliba, analala kwa watu, na kichwani amebeba mfuko wa mbegu za mpunga. Nyumba aliiacha amefunga na kamba, hajui kama bado iko. Wavulana waliona mpunga wakafurahi, akawapiga vidole. "Hii hapana chakula, hii ni shamba." Usiku anauweka chini ya kichwa kama mto. Kitanda chetu tulimpa yeye, mimi na Libérat tukalala mkekani. Hili sisemi ili unisifu. Kitanda hicho kitarudi mbele, utaona.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi wa kumi na mbili ikasikika kwamba Koperative Tuinuke inatoa karte za mkopo kwa wanawake wa soko waliopoteza mali. Ni kadi ndogo, ina picha yako na muhuri. Ukiwa nayo unakwenda kwenye depo ya mzee Bilal, unachukua chumvi, sabuni, sukari, unauza, mwisho wa mwezi unarudisha koperative. Mimi sikuwa na hata faranga moja ya kuanzia. Karte ile kwangu ilikuwa meza na vitu vyote vya juu yake. Ilikuwa chakula cha watoto, na cha mama yako pia.

Nikaenda kupanga foleni. Nawe unajua foleni ya wanawake wa Uvira, yaya, mtu anaingia na neno moja anatoka na kikapu. Mmoja akasema wanaohifadhi wakimbizi nyumbani wananyimwa. Mwingine akaapa kwa Bikira Maria kwamba ni kweli, eti koperative inaogopa mtaji kuliwa na wageni. Wakamtaja mama mmoja wa Kavimvira ambaye ana watu wanane wa Mutarule ndani ya nyumba na amekataliwa. Hakuna aliyeuliza alikataliwa kwa nini. Mimi niliyesoma, mke wa mwalimu, nilimeza bila kutafuna.

Nilipofika mezani, yule ajenti, Monsieur Frédéric, kijana mpole mwenye miwani, aliniuliza, "Batu ngapi wanalala kwako?"

"Tuko batano," nikasema.

Alisema atapita nyumbani siku ya Alhamisi kuona. Wanafanya hivyo kwa kila mtu, wanaangalia unaishi vipi, wanauliza na majirani kama wewe ni muntu wa kuaminika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri nitamwambiaje mama yako. Yaya, sikumwambia. Sikuwa na ujasiri hata wa kuwa mbaya waziwazi. Alhamisi asubuhi nilimwekea chai, nikazunguka, nikafagia palipokwisha kufagiwa, halafu nikasema kuna mgeni wa biro ya koperative anakuja, nyumba ni ndogo, labda mama angependa kukaa kidogo huko inje apate hewa.

Aliniangalia. Unajua anavyoangalia, jicho moja linafumba kidogo. Akasema, "Wanahesabu batu?"

Nikachukua tena ufagio. Akamaliza chai yake, akakunja mkeka mwenyewe, akachukua kitenge chake ukutani, akachukua na mfuko wa mbegu. Nilimwambia mfuko auache, si mzigo wa kutembea nao. Alisema hapana, mtu akiuona atauliza ni wa nani. Akavuka barabara akakaa kwenye bomba la maji pamoja na wanawake wanaosubiri ndoo.

Monsieur Frédéric alikuja mchana. Alikaa, alikunywa maji, aliuliza maswali yake kwa adabu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mvua ikaanza. Unaijua mvua inayoshuka kutoka milima ya juu, haikupi nafasi ya kuvuta nguo kambani. Wanawake wa bombani walikimbia kila mmoja kwake. Mama yako naye alikimbia kwake. Alifika barazani, akakumbuka, akasimama pale pale chini ya bati, mfuko ameukumbatia kifuani usilowe.

Mlango ulikuwa wazi. Délice alifungua kinywa amwite nyanya yake, "Nya...", nikamtuma jikoni kabla hajamaliza. Libérat aliinuka na kiti chake mkononi ili ampelekee, nami nikamtupia jicho lile unalolijua tangu utoto wetu, akakaa. Hata mtu tusiyemjua, hata mlevi wa bandarini angepewa kiti siku ya mvua kama ile. Ndipo Monsieur Frédéric akauliza, "Ule mama ni muntu wenu?"

Nikasema, "Hapana. Ni mupita njia tu, anajikinga mvua."

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, yaya. Hilo ndilo linaloniuma. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Yeye alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na masikio yake unayajua ni mazima kuliko yetu. Aligeuka, akainamisha kichwa kidogo kama mgeni, akasema, "Aksanti, mama. Mvua ikipunguka nitaenda."

Mama, aliniita mimi. Kama anavyoitwa mwanamke yeyote sokoni. Yule kijana akamwambia, "Ingia ndani, mama, utapata baridi." Akajibu kwamba miguu yake iko na matope, ataharibu nyumba ya watu. Nyumba ya watu! Sakafu ile anaifagia yeye kila asubuhi kabla hatujaamka.

Mvua ilipopungua akaondoka na mfuko wake. Monsieur Frédéric naye akaaga. Niliwaona kwa dirisha wanatembea pamoja kuelekea barabara kubwa, yeye amemfunika mwavuli wake. Mimi nilibaki nasali kwamba mama asiseme kitu cha kuniharibia. Ndiyo sala niliyosali siku ile, nakuandikia ilivyokuwa.

Jioni hakurudi. Libérat alikula, akatoka akamtafuta kartye nzima, njia kwa njia, hadi giza likamrudisha, maana saa zile ukitembea askari hawaulizi mara mbili. Sikulala. Kitanda kilikuwa kitupu na hakuna kati yetu aliyethubutu kupanda.

Asubuhi nilimkuta kwenye sale ya paruasi, ule ukumbi wa kanisa wanakolala wakimbizi wa Plaine, lile bonde la Bwegera na Sange, kati ya masufuria na watoto wa watu. Nilipiga magoti. Nilidhani atanifukuza, na ningependa anifukuze. Akanishika bega akasema, "Nyamaza, weye. Yule mutoto wa biro anaweza kurudi gafula anikute. Acha karte itoke kwanza. Minye hapa niko na batu wa Bwegera, tunasimuliana." Hakuwa na hasira, yaya. Alikuwa anapanga nami, kama tulivyokuwa tunapanga naye kuuza kuku bila baba yako kujua.

Niliporudi nyumbani ndipo lilinijia lile la shule. Unalikumbuka? Mama yangu amekufa mwaka ule, na masista wa misheni wanaandika watoto wa Bwegera tu, wenye mzazi wa pale. Mimi nilikuwa mtoto wa mbali. Sista akauliza, "Huyu ni mtoto wako?" Mama yako akajipiga tumbo, paa, mbele ya watu wote: "Katoka humu." Wewe ulicheka mpaka ukafukuzwa kwenye mstari. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, na hivyo ndivyo nilivyopata mkono huu wa kukuandikia.

Katikati ya mwezi wa kwanza tukaitwa biro. Wanawake walijaa, na mzee Bilal alikuwepo na kofia yake nyeupe, maana karte zilikuwa za kwenda kwake. Wanaita jina, unasimama, unapewa. Mbele yangu aliitwa mama mmoja wa Kasenga ambaye ana watu kumi na mmoja wa Luvungi ndani ya nyumba, na aliwasema wote. Akapewa. Moyo wangu ukashuka. Nikamwuliza jirani yangu, na yule wa Kavimvira aliyenyimwa? Akasema, yule? Yule hana meza sokoni, alijiandikisha tu kujaribu bahati. Basi hakuna sheria iliyonilazimisha, nilimkana mama yangu kwa neno la foleni.

Kisha Monsieur Frédéric akaita Spès Nduwimana. Nikasimama, na yeye badala ya kunipa tu akaanza kuhubiri. Alisema kwamba mtu akipewa mkopo anaangaliwa tabia, na kwamba tabia yangu hakuisikia kwa rafiki zangu, aliisikia kwa mtu asiyenijua. Alisema alitembea mvuani na bibi mmoja mkimbizi, akamwuliza yule mama wa nyumba ile ni muntu wa namna gani. Akayarudia maneno yake kwa sauti, wote wanasikia: "Minye si ndugu yake. Lakini tangu nifike hapa, ule mama na bwana yake wanalala chini, kitanda wamepatia muntu wa kukimbia. Muntu kama ule, mukopo atarudisha, na kama hana atauza nguo zake arudishe."

Wakapiga makofi. Mzee Bilal akaweka mkono kifuani akasema mashallah. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi nilisimama pale, yaya, nikachukua karte, na nikachukua na makofi. Ningeweza kusema neno moja. Kinywa nilikuwa nacho. Nilisema "merci" na nikakaa. Hiyo ndiyo aibu yangu, ya mvuani ni ndogo mbele yake, kwa sababu mvuani niliogopa, lakini pale nilikuwa nimekwisha kupewa na bado nikamwacha awe mupita njia mbele ya soko zima.

Nilikwenda paruasi moja kwa moja. Mama yako aliiona karte akaruka kama msichana. Aliigeuza juu chini, hajui kusoma lakini picha aliisoma vizuri: "Hapa umenuna, lakini uko muzuri." Akawaonyesha watu wake wa Bwegera, huyu ni mutoto wangu, amepata. Huko kati ya wakimbizi alinisema ni mtoto wake. Akafunga kitenge, akabeba mfuko, tukarudi.

Sitakuficha, karte imetusaidia. Meza imesimama juu ya mawe yake, chumvi inakwenda, na malipo ya mwezi wa kwanza nimekwisha kurudisha. Juzi nilirudi kwa Monsieur Frédéric nikamwambia yote, yule ni mama mukubwa wangu, amenilea, nilidanganya. Nilikuwa nimeiweka karte mezani aichukue. Alivua miwani akaifuta, akaniuliza, "Na ya kitanda, alidanganya?" Nikasema hapana, ya kitanda ni kweli. Kwenye daftari lake akafuta tano akaandika sita, akanisukumia karte yangu. Nilitaka adhabu, yaya, kijana wa watu akanipa wino.

Lakini hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Tangu arudi, mama anapiga hodi. Anatoka asubuhi kwenda ziwani kununua ndagala au kusali, na akirudi haingii. Anasimama barazani, pale pale alipojikinga, anaita "Hodi," anangoja mtu aseme karibu. Mfuko wa mbegu haulali tena chini ya kichwa chake, unakaa karibu na mlango, umefungwa. Libérat amemwambia, mama, hapa ni kwako. Anacheka, anasema ni mazoea ya uzee. Akina nani wanaopiga hodi kwenye nyumba wanayolala? Nimemwomba msamaha kwa maneno, kwa machozi, nimemnunulia kitenge. Kila mara anasema, "Nilikwisha sahau, mutoto wangu." Na kesho yake, hodi.

Siku hizi, kengele ya kanisa ikilia, natoka kumsubiri njiani ili afike mlango ukiwa wazi na mimi mbele yake, asipate nafasi ya kuita. Jana alinikuta nimesimama. Akaniangalia kwa lile jicho, akasema, "Mama, naweza kupita?" Sijui kama alikuwa ananitania. Wewe ndiye unayemjua vizuri kuliko mimi, niambie, alikuwa ananitania?

Mwandikie, yaya. Weye ni wa tumbo lake kweli, atakusikia. Nitamsomea mimi, usiogope kunitukana humo ndani, nitayasoma yote kwa sauti. Mwambie tu kwamba mzazi hapigi hodi kwa mtoto wake. Na kama utaona ni heri umchukue akae kwako huko Lusaka, sitakuwa na neno, nitamfungia mzigo mwenyewe. Lakini nakuomba usimchukue akiwa bado anapiga hodi kwangu.

Nisalimie sana wifi yangu Furaha na watoto, nisalimie na Ciza kama bado mnaonana kule kwa Wakongomani wa sokoni. Libérat anakusalimu, anasema deni la karata hajalisahau. Délice amekuchorea boti, nimeitia humu. Mungu wa mama zetu awafunike huko ugenini kama alivyotufunika hapa risasi zilipopita juu ya bati, na atupe mwaka wa kupanda ule mpunga Bwegera kabla haujazeeka mfukoni.

Selemani amekwisha kutuma mtu kuchukua barua, nami kengele sikuisikia kwa kuandika. Nasikia hodi inje. Leo sisemi karibu. Naacha kalamu hapa, naenda kumfungulia, na nitamwita mama kwa sauti ya kufika bombani hadi barabara kubwa.

Wako akupendaye bila kustahili,

Spès,
mtoto wa mama yako